Maji Chini ya Mguu wa Mzee Ntirampeba

Mara ya kwanza Esteri alipoingia dukani kwangu alikuwa ameshika kiatu cha mwanamume, cha mguu wa kushoto, kimelowa chapachapa, na akaniuliza kama nina dawa ya kuzibia gari linalovuja. Nikamwuliza kiatu na gari vinahusiana nini. Akakiinamisha, maji yakamwagika kwenye sakafu ambayo nilikuwa nimetoka kuipiga deki.

"Haya yametoka ndani ya gari," akasema. "Baba yangu alikuwa amekaa, milango imefungwa, vioo vimepandishwa."

Nilitaka kukasirika kwa ajili ya sakafu, lakini kwangu mimi udadisi hutangulia hasira, na hasira yangu si ndogo, waulizeni wateja. Nina duka la rangi, misumari na gundi hapa Kasulu, karibu na stendi ya mabasi ya Kigoma. Mbele ya uso wangu watu huniita Mama Asmahani, kwa jina la binti yangu. Nikigeuka huniita Redio. Nalijua hilo, na sina ugomvi nalo, maana redio nayo husikilizwa.

Nikamvutia Esteri kigoda, nikamwambia aanze mwanzo.

Ni mwanamke wa Titye, mrefu, mwenye mabega ya kubebea gunia, na maneno yake ni ya kuvuta. Alijifunza udereva kwa mkandarasi aliyekuwa akipeleka kuni na mabomba kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa na watu wakahamishwa au kurudi kwao, mkandarasi aliondoka na magari yake mazuri, lile bovu akamwachia Esteri. Ni pikapu ya kabini moja, nyeupe kwa jina tu, kwa sababu vumbi letu jekundu limekwisha kuingia hadi kwenye rangi. Analitumia kubeba maharage, ndizi na unga wa muhogo, leo Kasulu, kesho Kibondo. Wanaume wakimkuta sokoni ameegemea mlango humwuliza dereva yuko wapi. Yeye hujibu, "Ametoka kidogo," kisha hupanda, huwasha na kuondoka zake.

Baba yake ni Mzee Ntirampeba. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapewa ardhi, akailima mpaka akawa Mtanzania wa karatasi na wa jembe. Kisha ugonjwa wa sukari ukamkuta. Akakanyaga kisiki shambani bila kusikia maumivu, na kidonda kikafunguka chini ya unyayo wa kushoto, kikakataa kufunga. Kila wiki Esteri humleta mjini kukisafisha. Nesi aliyekuwa akimhudumia, Winnie, alikuwa amewaambia wazi kwamba kidonda kile dawa yake kubwa ni ukavu. Kikiendelea kulowa kitakwenda chini mpaka mfupa, na hapo mzee atapelekwa Kigoma kukatwa mguu.

Na pikapu ilikuwa ikivuja mahali pamoja tu, upande wa abiria, pale mzee anapoweka mguu wa kushoto.

Nikauliza maswali yote ambayo na wewe ungeuliza. Kwa nini asiufunge mguu kwa nailoni? Winnie alikataza, kidonda kinatota kwa jasho. Kwa nini asikae katikati? Katikati kuna gia. Kwa nini asipande bodaboda? Mvua yetu ya Kasulu inakuja bila hodi, na barabara ya Titye ina mashimo ya kumrusha hata mzima. Nikaishiwa. Nikamuuzia silikoni, nikamwelekeza apake kuzunguka kioo cha mbele chote.

Wiki iliyofuata alirudi na kiatu kilekile.

Tukabadilisha mpira wa mlango. Kiatu kikarudi. Akaenda na mzigo Kibondo, huko akampata fundi wa vioo aliyekitoa kioo cha mbele, akakwangua gundi ya zamani yote na kukibandika upya. Niliiona ile kazi, ilikuwa safi, hata mimi nisingeweza kuitia kasoro, na kutia kasoro ndiyo starehe yangu. Siku tatu baadaye mzee alishuka mbele ya kliniki na bendeji ikichuruzika. Winnie aliifungua, akaangalia, akataja Kigoma. Esteri aliniambia kuwa jina lile lilimtisha kuliko mvua.

Hapo nikaanza kuyachukia yale maji kama mtu aliyenitukana. Mimi si fundi, wala sijui gari linavyokwenda, ila sipendi kitu kinachonificha jambo. Nikamwambia Esteri kwamba safari ijayo nakwenda nao, nataka kuyaona kwa macho yangu. Akaniangalia jinsi wanavyoniangalia wote, kisha akakubali kwa lugha ya kwao, "Ego, dada. Twende."

Nikamwachia Asmahani duka. Tulikaa watatu mbele, Esteri kwenye usukani, mimi katikati nimekunja magoti kuipisha gia, Mzee Ntirampeba dirishani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akasema amesikia kwamba mimi ndiye ninayemuuzia binti yake gundi nyingi kuliko gari lenyewe. Mzee mcheshi. Mikono yake ilikuwa mapajani, mikubwa, haina kazi, na niliona inamsumbua. Kila mara alikuwa akiokota kitu kwenye suruali yake ambacho hakikuwepo.

Tulipotoka mjini mvua ilikuwa ikipiga kama imetumwa. Nikainama na tochi ya simu, nikauwinda mguu wake macho hayapepesi. Pakavu. Tukaenda, mvua ikazidi, bado pakavu. Nikaanza kuona aibu kwamba maji yameniogopa. Mvua ikakatika, wingu likapasuka, jua likatoka, barabara ikaanza kutoa mvuke. Nikazima tochi, nikakaa vizuri, nikamwambia mzee leo amepona.

Mbele kidogo barabara inakata kona kali kwenda kulia. Esteri alizungusha usukani, nasi wote tukalala upande wa kushoto, na hapohapo nikasikia sauti ya maji yakimwagika, si tone, kama mtu amemwaga kikombe. Mzee akavuta pumzi. Bendeji ilikuwa imelowa mpaka kwenye kifundo.

Esteri alisimamisha gari pembeni. Alishika usukani kwa mikono miwili na machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona hivyo kabla. Mzee akamgusa bega, akamwambia kwa lugha yao jambo ambalo sikulielewa, nadhani alikuwa anamwambia ni maji tu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshikwa. Jua linawaka, angani hakuna tone. Haya maji yametoka wapi?

"Esteri," nikamwambia, "hili gari lako halivuji. Linaweka akiba. Kuna mahali maji yanakaa, yanasubiri kona."

Akafuta uso kwa khanga. Akafikiri. Kisha akasema kwamba ni kweli, na kwamba nyumbani gari likilala limeinua pua kwenye mwinuko huamka na maji ndani, likilala limeinamisha pua huamka kavu. Alikuwa amelijua hilo muda wote, hakujua tu kwamba ni jambo la kusemwa. Nikatamani kumtikisa.

Kesho yake tuliliingiza kwenye yadi ya Tamimu, fundi bodi aliye nyuma ya duka langu, mtu asiye na haraka na mwenye utani mwingi. Tukamweleza habari ya kona. Akasema basi tusibahatishe tena, tutalimwagia maji kuanzia chini kupanda juu, sehemu moja moja, na hakuna kwenda juu kabla ya kumalizana na chini. Ukianza juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Swali lilikuwa namna ya kuyaona yakiingia, maana chini ya dashibodi ni giza na kila kitu ni cheusi. Esteri ndiye aliyekuja na jibu. Siku moja gunia la unga wa muhogo lilimchanikia ndani ya kabini, na aliona jinsi tone moja la maji lilivyochora mstari kwenye unga kama kidole. Akatoa unga wake mwenyewe, akavua kitambaa cha kichwa, akaufunga humo na kuukung'utia taratibu chini ya dashibodi mpaka bati lote likawa jeupe. Akalala chali pale chini, kichwa mahali pa mguu wa baba yake, tochi mkononi. Nami nikashika jagi.

Nilianza chini ya mlango. Akasema hakuna. Nikapanda kwenye bawaba. Hakuna. Pembeni ya boneti. Hakuna. Nikafika chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, penye ule wavu wa plastiki wenye matundu. Nikamwaga jagi zima. Hakuna. Nikataka kupanda kwenye kioo, Tamimu akanishika mkono. Alikuwa amechuchumaa anaangalia chini ya gari.

"Ulimwaga maji wapi?" akaniuliza.

"Si hapo umeniona?"

"Nimeona yameingia. Sioni yakitoka."

Akanieleza kwamba maji ya kwenye ule wavu yana njia yake. Yanashuka pembeni na kutokea nyuma ya tairi, na hapo nyuma ya tairi palikuwa pakavu kama kiganja. Nikamwaga jagi la pili, na la tatu. Moyo ulikuwa unanienda mbio, jambo la kuchekesha kwa mwanamke wa umri wangu aliyesimama kwenye matope na jagi la juisi. Kisha tukasikia sauti ya Esteri kutoka chini, pole kabisa. Akasema mstari umekuja.

Niliingiza kichwa. Kwenye unga mweupe mstari mmoja mweusi ulikuwa unashuka kutoka kwenye feni inayovuta hewa ya nje, ukipita kona ya bati, ukiishia palepale mzee anapoweka mguu. Nilipiga kofi la furaha, nusu ya maji yakanimwagikia mimi.

Tamimu akafungua waipa, akang'oa ule wavu wa plastiki na kuuweka pembeni. Sote watatu tukainama.

Ndani ya ule mfereji wa bati, chini ya kioo, kulikuwa na shamba. Sina neno jingine. Maharage yalikuwa yamejaa njia ya maji ya kushoto, mengine yameoza yamekuwa uji mweusi, mengine yamevimba, na juu yake machipukizi membamba, meupe kwa kukosa jua, yamejikunja yakitafuta matundu ya kutokea. Njia ya kulia ilikuwa na vumbi tu na maganda. Maji yalikuwa yakiingia, yakikuta maharage, yakikaa kama bwawa. Gari likikata kona, au likiinua pua, bwawa linaruka ukingo na kuingia kwenye feni.

Tamimu alicheka akavunjika mbavu. Akamwambia Esteri kumbe analima mpaka juu ya injini. Mimi nami nilikuwa nimeshafungua mdomo, nina maneno yangu mazuri tayari, nikamwona Esteri. Alikuwa amechukua harage moja ambalo halijaoza, akalipangusa. Lilikuwa la njano lenye madoa mekundu.

"Ni mbegu ya Data," akasema. Ndivyo wanavyomwita baba.

Ndipo akatueleza, kwa maneno mengi kuliko yote niliyopata kuyasikia kwake. Huku kwetu maharage ya kwanza huvunwa mvua bado ipo, na jua huwa la kuvizia. Likitoka kidogo kila mtu anakimbilia kuanika, wingu likija kila mtu anakimbilia kuanua. Mzee hawezi tena kwenda shambani. Hawezi kuinama kuanika chini, na chini kuna kuku. Lakini boneti ya gari lililotoka safari ina joto, kuku hawaifikii, na urefu wake unamtosha mtu aliyesimama na fimbo. Basi kila Esteri anaporudi, mzee hutandika gunia juu ya boneti na kumwaga maharage yake, akayageuza kwa kiganja, akayachambua. Ndiyo kazi pekee iliyombakia. Wingu likija huyakusanya kwa haraka, kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika fimbo. Yanayoponyoka hubingirika nyuma, kuelekea kwenye kioo.

Tamimu aliacha kucheka.

Nikafanya hesabu yake kichwani na ikaniuma. Mzee alikuwa akianika chakula cha wajukuu, na kila kiganja kilichoponyoka kilikuwa kinarudi kama maji kwenye kidonda chake. Na hakujua. Hakuna aliyejua.

"Mama Asmahani," Esteri akaniambia, "nakuomba asijue. Akijua ataacha, na akiacha atakaa tu kitandani. Nitamwambia yalikuwa majani."

Kuniomba mimi ninyamaze ni kumwomba jogoo asiwike. Lakini nilimwona alivyokuwa amelishika lile harage, nikaapa.

Tulisafisha ule mfereji mpaka ukang'aa. Tamimu alichokonoa njia zote mbili kwa waya, nikamwaga maji, yakatoka nyuma ya tairi yakiimba. Kisha nikakata kipande cha wavu wa chuma wa madirisha, ule mdogo wa kuzuia mbu, Tamimu akakifunga juu ya matundu yote chini ya waipa. Harage haliwezi kupita pale, hata lililo dogo kabisa.

Wiki ya kwanza kiatu kilikuja kikavu. Wiki ya pili mvua ilinyesha kutoka Titye mpaka mjini, kona zote, na kiatu kikavu. Winnie alifungua bendeji akatabasamu, akawaonyesha nyama nyekundu ikianza kuota pembeni ya kidonda. Esteri alikuja dukani, akasimama mlangoni, akaniambia, "Dada, kinafunga," akaondoka. Nililia kidogo nyuma ya makopo ya rangi, na sioni haya kulisema.

Wiki kadhaa zikapita, nikakosa raha. Kujua kwa kusimuliwa hakunitoshi. Siku moja jua limetoka nikapanda na Esteri hadi Titye, kwa kisingizio cha kununua maharage.

Pikapu iliposimama uani, Esteri aliingia jikoni, mimi nikamwendea mzee aliyekuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango. Mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe, kavu. Lakini boneti ilikuwa na joto, jua lilikuwa limetoka, na mzee hakunyanyuka. Karibu na kiti chake lilikuwepo gunia la maharage, na harufu yake ilikuwa imeanza kuwa ya uvundo.

Nikamwuliza mbona haaniki. Alinyoosha fimbo yake kuelekea kwenye ule wavu chini ya waipa.

"Binti yangu anasema ule ni wa kuzuia majani," akasema. "Angalia uani kwangu, Mama Asmahani. Unaona mti gani?"

Niliangalia. Hapakuwa na mti. Ilikuwepo migomba tu, na mgomba hauangushi jani, linakauka likining'inia mpaka ulikate mwenyewe.

"Kinachozuiwa na ule wavu ni nini?" akauliza.

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema uongo, na ninaujua uongo, nauza rangi. Maneno hayakuja. Nikaangalia kuku. Nikaangalia viatu vyangu. Nikauma ulimi nikakaa hivyo, na kadiri nilivyokaa ndivyo alivyozidi kunitazama.

"Wewe hunyamazi," akasema mwishowe. "Watu wote wanasema. Leo umeninyamazia. Basi ni maharage yangu."

Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akautazama kama ni wa mtu mwingine. Akasema kwamba aliona aibu sana kuwa mzigo kwa mtoto huyu, kubebwa kila wiki, kulipotezea gari lake siku ya soko. Akajiambia angalau maharage. Angalau maharage atayafanya yeye. Kumbe hata hayo. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ulimi wangu uliokataa kazi siku moja tu ulipohitajika.

Esteri alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Hakunilaumu, hata hakuniangalia. Alikwenda ukutani, akachukua gunia tupu, akalikung'uta, akalitandika juu ya boneti na kulinyoosha pembe zote nne. Kisha akalibeba gunia la maharage mpaka pale, akalifungua, akarudi na kumpa baba yake mkono.

"Data," akamwambia, "kama ningetaka uache, ningekwambia siku ileile. Wavu nimeuweka ili usiache."

Mzee aliushika ule mkono. Kisha akasema, "Urakoze," taratibu, yaani asante kwa lugha yao, akashika fimbo, akasimama. Walikwenda pamoja mpaka kwenye gari, yeye akikanyaga kwa kisigino kama Winnie alivyomfundisha. Akachota maharage kwa kiganja, akayamwaga kwenye joto, akayatandaza. Yalikuwa ya njano yenye madoa mekundu.

Nilisimama upande wa pili nikiyageuza nami. Harage moja likaponyoka chini ya mkono wake, likabingirika nyuma kuelekea kwenye kioo, likagonga wavu na kusimama. Mzee akaliokota, akalipangusa kwa kidole gumba, akalirudisha kwa wenzake.